Gari Likikugonga, Nani Analipa?

(Muziki unashuka.)

Uwe Base Camp, Rubondo, Juru, au umelaza mgonjwa Mbarara na unatusikia ukiwa Nyamitanga, karibu. Leo tunajibu swali moja: mkimbizi akigongwa na gari au boda, anaweza kudai fidia?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufika mahakamani. Kuwa mkimbizi hakumwondolei dereva deni lake.

Sasa bima. Tangu 1989, sheria inamlazimu mwenye gari au pikipiki awe na bima ya mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni nani? Mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ya bima ni ya pili, wewe uliyegongwa ni wa tatu. Lakini usitegemee makubwa: bima hiyo hulipa si zaidi ya shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Paja likivunjika, pesa hizo zinaisha haraka. Kinachobaki unamdai dereva au mwenye gari, kwa mapatano au mahakamani. Boda asiye na bima naye anadaiwa vilevile, ila kumkuta na pesa ndiyo kazi.

Wengi wetu tunapoteza haki palepale barabarani. Dereva anatoa elfu hamsini, watu wanasema "malizeni kindugu," unaletewa karatasi ya Kiingereza uweke kidole. Jirani yangu aliweka. Siku ile mguu ulimuuma kidogo tu. Siku ya tatu hakuweza kusimama, na dereva alikuwa na karatasi inayosema mambo yamekwisha. Usiweke kidole kwenye maneno ambayo hujasomewa kwa lugha yako, wala kabla daktari hajakupima. Akikupa pesa za kufika hospitali, pokea, lakini sema mbele ya watu kwamba hizo ni za matibabu na hamjamalizana.

Kama umezidiwa, aliye nawe aandike namba ya gari, jina la dereva na simu za walioona, apige na picha ya stika ya bima. Kisha polisi. Andikisha ajali na uombe fomu namba 3, ambayo daktari huijaza kueleza ulivyoumia. Fomu hiyo ni ya bure. Anayetaka pesa, mwombe risiti uone atakavyojibu. Toa fotokopi. Tunza kila risiti, ya dawa, ya picha ya mfupa, hata ya nauli.

Usingoje kesi ya polisi imalizike ndipo udai chako. Faini anayotozwa dereva inaingia serikalini, haiji kwako. Kesi ya fidia ya kuumia hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, ni miaka 2. Kampuni ya bima iarifiwe mapema zaidi, kwa maandishi. Ikikuzungusha, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima iliyoko Kampala hupokea malalamiko bila malipo. Refugee Law Project, ya Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, nayo husaidia wakimbizi bure katika mambo ya sheria.

Wiki ijayo tutamzungumzia aliyeumia akiwa kibarua kwenye shamba la mtu. Kama ni wewe, tuletee swali lako kabla ya Ijumaa.

(Muziki unapanda.)