Diski ya Kasi katika Kompyuta Mpakato: Je, Inastahili Gharama ya Ziada?

Miongoni mwa shughuli zinazoanzishwa na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni huduma za uchapaji, kudurufu na kujaza fomu mtandaoni. Chombo cha msingi cha kazi hiyo ni kompyuta mpakato, mara nyingi iliyokwisha kutumika. Mnunuzi huulizwa dukani kama anataka diski ya kawaida au ya kasi. Nyongeza ya bei hutoka katika fedha zitakazorejeshwa, hivyo yafaa ijulikane inanunua nini.

Aina za diski

Diski kuu ni ghala la kompyuta, ambamo mafaili na programu zote hukaa. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma taarifa juu yake. Zipo zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na nyingine mara 7,200. Kila taarifa inapotafutwa, sahani ya kwanza huhitaji wastani wa milisekunde 5.6 kuifikisha chini ya kichwa, na ya pili milisekunde 4.2. Tofauti hiyo ni ndogo, na katika kazi za kawaida za ofisi huonekana kwa nadra. Kulipa zaidi kwa ajili yake hakuna faida kubwa.

SSD ni jambo jingine. Haina kitu kinachozunguka, na huipata taarifa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 husoma megabaiti zipatazo 500 kwa sekunde, ilhali diski ya kuzunguka ya mpakato husoma takribani 100. Aidha, huvumilia zaidi mitikisiko ya safari za bodaboda.

Inapofaa na isipofaa

Chukua mfano wa kikundi kinachohudumia wateja 40 kwa siku. Iwapo SSD itapunguza sekunde 30 za kusubiri kwa kila mteja, dakika 20 zitaokolewa kila siku. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni zaidi ya saa nane, yaani siku nzima ya kazi. Hapo gharama ina maana. Lakini anayeandika barua chache kwa mwezi hatapata faida inayolingana na bei.

Ikumbukwe pia kwamba diski haiongezi kasi ya intaneti wala ya printa. Ombi linalokwama kwa sababu ya mtandao dhaifu litaendelea kukwama. Vilevile, kompyuta yenye RAM ndogo huelemewa programu nyingi zinapofunguliwa pamoja. Kwenye Windows, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja wakati kompyuta inasuasua. Ikiwa Memory imekaribia asilimia 100, RAM iongezwe kwanza. Ikiwa ni Disk pekee iliyo juu muda wote, SSD ndiyo dawa.

Kabla ya kulipa

Fundi athibitishe kwanza aina ya SSD inayoingia katika kompyuta husika, kwa kuwa maumbo yake hutofautiana. Kwa kazi za nyaraka, ukubwa wa gigabaiti 256 kwa kawaida hutosha. Risiti na muda wa dhamana vidaiwe. Nakala za mafaili muhimu zihifadhiwe pia mahali pengine, kwa sababu SSD inaweza kufa ghafla bila mlio wa kutahadharisha.

Jambo la mwisho ni diski iliyotolewa. Ndani yake mna vyeti, picha na namba za NIDA za wateja, na kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Kwa hiyo diski hiyo isiachwe mikononi mwa fundi wala kuuzwa kabla haijasafishwa kwa programu maalumu. Ikiwa ni mbovu, sahani zake ziharibiwe.