Podikasti: tuulize leseni kabla ya vifaa

Baadhi ya kamati za parokia hapa Bariadi zimetuuliza podikasti ni kitu gani. Ni kipindi cha sauti, mfano wa kile cha redio, ila huwekwa kwenye intaneti. Msikilizaji hukipakua mara moja penye mtandao, kisha hukisikiliza hata akiwa shambani kwenye pamba, bila kutumia bando tena.

Vijana wanapendekeza kuanza na ule ujumbe wa matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii". Tunaona wamechagua vema. Tapeli hamjui anayemwandikia. Hutuma kwa namba nyingi akibahatisha kumpata mtu ambaye kweli alikuwa karibu kutuma hela. Huyo ndiye hulizwa.

Lakini tusikimbilie kuwaomba wafadhili vinasa sauti. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni ya TCRA, sh. 1,000,000 pamoja na sh. 100,000 za maombi. Zilibadilishwa 2020, tena 2022. Kwa hiyo kamati iulize kwanza TCRA iwapo kipindi chake kinahitaji leseni, na kwa ada gani. Kurekodi kwa majaribio, simu inatosha.