Muziki wa Tangazo Usimeze Sauti ya Muuzaji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hakina budi kujitembeza, na gari lake ni simu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki ya Mbarara, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa wakimbizi ruhusa ya kufanya kazi na biashara. Fundi cherehani, muuza vitenge au mama mwenye tanuri la mikate aweza kurekodi video ya nusu dakika na kuwapelekea wateja hadi Mbarara mjini. Mke wa askari anayeuza maziwa karibu na kambi ya Makenke aweza kufanya vivyo hivyo.

Picha mara nyingi huwa safi. Kinachoharibu kazi ni muziki uliowekwa bila kufikiri.

SAUTI KWANZA

Nusu dakika huchukua maneno kama sitini tu yakisemwa kwa utulivu. Humo sharti ziingie bidhaa, bei, mahali lilipo duka na namba ya simu. Wimbo wenye maneno hushindana na maneno hayo, kwani sikio haliwezi kufuata vinywa viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo muziki wa kusindikiza ni heri uwe wa ala tupu: gitaa, zeze, filimbi au kinanda.

Ikumbukwe pia kwamba spika ya simu ndogo haitoi vizuri sauti nzito. Besi iliyopendeza studio hupotea njiani, na kinachobaki ni mgongano. Kabla ya kutumwa, video isikilizwe kwa simu ya bei nafuu, kando ya barabara yenye pikipiki. Namba ya simu isiposikika mara ya kwanza, muziki upunguzwe.

Mwendo wa muziki nao ufuate bidhaa. Nguo za sikukuu zapenda mwendo mwepesi. Duka la dawa lataka utulivu. Tena si lazima muziki uwepo. Mlio wa cherehani inayokwenda, au wa maandazi yanayochemka katika mafuta, humvuta mteja kuliko wimbo wowote.

SOKO LA MATAIFA MENGI

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1958. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, wakizungukwa na wenyeji Wanyankole. Hapo muziki si jambo la kupendeza masikio tu. Wimbo unaomfurahisha mmoja waweza kuwa ndio uliopigwa siku jirani yake alipofiwa. Nyimbo za vyama, za vita, na za kusifu kabila moja ziachwe kabisa. Nyimbo za ibada pia zisitumiwe kuuzia sabuni mbele ya Waislamu na Wakristo wanaonunua duka moja.

Heshima ya ala izingatiwe vilevile. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, ni ngoma za sherehe kuu. Rumba ya Kongo, iliyoingizwa mwaka 2021, ni muziki wa starehe, na gitaa lake lisilo na maneno hukubalika kwa wengi. Njia rahisi ya kujua ni kumwomba jirani wa taifa jingine asikilize kwanza. Akinyamaza au akigeuza uso, wimbo ubadilishwe.

Kwa familia za askari na polisi kuna onyo moja zaidi: wimbo wa taifa na milio ya tarumbeta za kijeshi si vitu vya kutangazia biashara.

MUZIKI NI MALI YA MTU

Wengi hudhani kwamba wimbo uliomo katika simu ni wao. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. George Kakoma, mtunzi wa wimbo wa taifa, aliyefariki mwaka 2012, aliishitaki hata serikali akidai malipo ya utunzi huo. Ikiwa wimbo unaoimbwa na nchi nzima ulifikishwa mahakamani, sembuse wimbo wa dansi uliochukuliwa kuuzia viatu?

Mitandao nayo ina macho. YouTube ilianza mwaka 2007 kutumia mtambo wa kutambua nyimbo za watu, na video yaweza kuzuiwa au kunyamazishwa. Mfanyabiashara hubaki na picha isiyosema neno.

Njia halali zipo. YouTube ina hazina ya muziki wa bure, na TikTok imetenga muziki wa wenye biashara. Masharti yasomwe: muziki mwingine hutolewa kwa sharti la kumtaja mtunzi, na mwingine hauruhusiwi katika biashara.

Njia iliyo bora zaidi iko jirani. Mpiga gitaa Mkongo, mpiga kinubi Mwethiopia au mpiga filimbi Mnyankole aweza kurekodiwa nusu dakika kwa malipo ya haki, mradi apige tungo yake mwenyewe. Mapatano yaandikwe kwenye karatasi: jina la mpigaji, malipo, biashara itakayotumia muziki huo, na muda wa kuutumia. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi. Hivyo fedha ya tangazo hubaki mtaani, na hakuna atakayekuja kudai baadaye.

Mteja asiyesikia bei hapigi simu kuuliza. Huenda duka la pili. Kwa hiyo kila mwenye kutangaza aupunguze muziki, aupate kwa haki, na aichunge mioyo ya watakaousikia.