Zege linapopondeka juu ya boriti

Kiwandani Shituru, hapa Likasi, shaba imekuwa ikitolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki tangu enzi za kampuni ya Union Minière, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Asidi ikimwagikia sakafu hula chokaa iliyomo kwenye saruji na kuigeuza jasi, kitu laini kisichobeba mzigo. Anayekagua boriti iliyo chini ya sakafu hiyo huinamisha kichwa kutazama nyufa za tumboni. Mimi ningeanza kukagua juu.

Zege linastahimili kuvutwa kwa kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya linavyostahimili kubanwa. Boriti ikipinda, upande wa chini hupasuka mapema na nondo hupokea kazi. Nyufa nyembamba za huko zimo kwenye hesabu tangu mwanzo. Juu zege hubanwa, na likifupika kiasi cha 3.5 kwa elfu hupondeka ghafla.

Chukua boriti yenye upana wa milimita 250 na nondo 3 za milimita 16, za chuma cha megapaskali 500, zilizolala milimita 400 chini ya uso wa juu. Zege likiwa la megapaskali 20, wakati linapopondeka nondo zimeshavutika kama 12 kwa elfu, ilhali chuma hiki huanza kulegea kwenye 2.5. Kwa hiyo boriti huinama na nyufa hupanuka, watu wakapata muda wa kutoka. Sasa asidi iondoe milimita 50 za juu, na zege lililobaki liwe la megapaskali 10: zile 12 zinashuka hadi 3.4. Fundi akiongeza nondo moja ya aina ileile chini, kwa nia njema kabisa, chuma hakilegei tena. Zege linatangulia, bila onyo.

Kupondeka huku hukokotolewa pia kwenye kompyuta, ambako boriti hugawanywa katika vipande vidogo. Watafiti Ngo na Scordelis mwaka 1967 waliuchora ufa kama pengo halisi kati ya vipande vya boriti. Mwaka uliofuata mtafiti Rashid aliusambaza ndani ya kipande kizima, kikapungukiwa ugumu. Njia hii ya pili ndiyo iliyoenea, nayo ina mtego: ukigawa vipande vidogo zaidi, boriti ileile huvunjika kwa nishati ndogo zaidi. Hillerborg na wenzake, Uswidi, mwaka 1976 waliutazama ufa kama kitu chenye gharama yake ya nishati, kiasi cha jouli 100 hivi kwa kila mita ya mraba, na gharama hiyo haitegemei ukubwa wa vipande. Wengi huikumbuka kwa nyufa na kuisahau kwa kupondeka, ambako mtego ni uleule.

Nguvu ya zege ya kuingiza kwenye programu isitoke kwenye mchoro wa zamani. Toboa sakafu, toa vipande vya zege la juu na uvipime kwenye mashine ya kubana. Vitolewe mahali kadhaa, hasa karibu na pampu na mifereji ya maji machafu, maana asidi haili sawasawa.