Fahamu: Je, bia ya kiwanda kidogo inastahili bei yake?

Kwenye baa za Nairobi zinazopika bia yao wenyewe, glasi moja huweza kukutoa pesa nyingi kuliko chupa ya Tusker. Zinakwenda wapi?

Nyingi humezwa na udogo wa kiwanda: mpishi, umeme na kodi ya pango hugawanywa kwa lita chache. Halafu kuna hopsi, maua yanayoleta uchungu na harufu, ambayo huagizwa kutoka nje. Bia aina ya IPA huyatumia kwa wingi, na mengine huongezwa baada ya kuchemsha ili harufu isitoroke na mvuke.

Ushuru, kwa kweli, si kisingizio. Tangu mwisho wa 2024, Kenya huwatoza wapikaji wadogo wenye leseni shilingi 10 kwa sentilita ya kileo halisi, wakubwa, 22.50. Kwa nusu lita ya asilimia 5, hiyo ni shilingi 25 dhidi ya 56.25.

Ukitaka lager nyepesi ya baridi, usijisumbue. Viwanda vikubwa huiweza, tena kwa bei nafuu. IPA mbichi inastahili. Ila uliza kwanza ilijazwa lini: harufu ya hopsi hufifia baada ya miezi michache, bei haififii.