Jua la Nairobi Nalo Huangusha: Tujikinge na Uchovu wa Joto Kazini

Sisi watu wa mwambao, tunapomsafirisha kijana wetu kwenda kutafuta riziki Nairobi, jambo la kwanza tunalomtilia mkobani ni sweta. Twaujua mji ule kuwa mji wa baridi, na kwa miezi ya Juni na Julai hatukosei. Lakini kuanzia Januari hadi Machi jua la bara huwa kali, na wanaolipokea zaidi ni wale wanaofanya kazi za nguvu nje: vibarua wa mjengo, wasukuma mikokoteni wa Kawangware, wachuuzi wa Kibera, na akina mama wanaofua nguo za watu tangu asubuhi hadi alasiri.

Kibera si ngeni kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Ndiko walikopewa makao askari Wanubi wenye asili ya Sudan mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Leo mahali pa msitu huo pamesongamana nyumba za mabati. Watafiti waliopima joto la Kibera, Mathare na Mukuru, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta mitaa hiyo ina joto zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, chenye majani na miti. Basi joto linalotangazwa redioni silo linalomchoma kibarua mgongoni. Na arudipo jioni, bati lililoshinda juani humnyima mwili wake nafasi ya kupoa.

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho huondoka na maji na chumvi. Visivyorudishwa kwa wakati, huja uchovu wa joto. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi, na mkojo mchache wenye rangi iliyokolea. Kiu huchelewa, kwa hiyo anayengoja kiu ndipo anywe huwa ameshapungukiwa.

Aliyepatwa na hali hiyo aache kazi papo hapo. Alazwe kivulini, miguu iinuliwe kidogo, nguo zilegezwe, apanguswe kwa kitambaa chenye maji na kupepewa, huku akinywa kidogo kidogo. Kinywaji kizuri chatengenezwa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini akianza kuweweseka, kupepesuka, kuzimia au kupatwa na degedege, hicho ni kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili hufikia nyuzi 40 au zaidi. Mmwagieni maji mwilini bila kukawia na mumkimbize hospitali. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kazi nzito ifanywe asubuhi mapema, na saa sita hadi saa tisa mchana iachiwe kazi nyepesi au kivuli. Kikombe kimoja cha maji kinywewe kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mavazi ya stara yawe mapana, mepesi, ya pamba na ya rangi isiyokoza. Anayeanza kazi mpya aongeze mzigo polepole kwa wiki moja au mbili, maana wengi huanguka siku za mwanzo. Wako pia akina mama wanaojizuia kunywa kwa kuwa choo kiko mbali au chalipiwa. Tahadhari hiyo yaeleweka, lakini madhara yake ni makubwa kuliko ada ya choo.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi, na kwa miaka kadhaa mwezi huo utazidi kurudi nyuma kuelekea Januari, ndani ya msimu ule ule wa jua. Afungaye ahakikishe anakunywa vya kutosha baina ya futari na daku, na kazi ngumu aisogeze alfajiri inapowezekana. Anayeugua ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Asione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Tusisahau kwamba nasi tu waajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Mama anayelipwa kwa siku huogopa kupumzika asije akaonekana mvivu, akakosa kibarua cha kesho. Wewe uliyemwita kufua, mtengee jagi la maji na umwekee kiti kivulini kabla hajaomba, kisha umwambie waziwazi kwamba mapumziko hayo hayapunguzi ujira wake.