Aibu ya Kutojua na Ushujaa wa Mzee Maruge

Shujaa wa filamu ya The First Grader ni mzee wa miaka 84 anayetembea kwa mkongojo, sikio lake moja lina kasoro, na kwenye geti la shule ya msingi anarudishwa kama mtu aliyepotea njia. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Justin Chadwick wa Uingereza na kutoka mwaka 2010, inasimulia maisha ya Kimani Ng'ang'a Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni wa Waingereza, ambaye Januari 2004 aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, nchini Kenya. Oliver Litondo, aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari, anamwigiza Maruge, naye Naomie Harris anamwigiza Jane Obinchu, mwalimu mkuu aliyempokea. Wengi walioitazama wameisifu kwa kutukumbusha kwamba elimu haina mwisho. Ni kweli, lakini kauli hiyo tumeisikia tangu enzi za kampeni za kisomo, na bado watu wazima wengi wasiojua kusoma hawatii mguu darasani. Mara nyingi kinachowazuia ni aibu, yaani hofu ya kuonekana hawajui mbele ya watu wadogo kwao. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya filamu hii ni kutuonyesha jinsi aibu hiyo inavyoshindwa, na ushujaa wa Maruge umo humo.

Tazama suala la sare. Maruge anapofika shuleni na kudai nafasi yake, anaambiwa kwamba wanafunzi wa hapo huvaa sare. Ni jibu la kumfukuza kwa adabu, maana nani angetarajia mzee mwenye wajukuu avae kaptula? Maruge anarudi nyumbani, anaikata suruali yake ikawa kaptula, anavuta soksi ndefu hadi chini ya magoti, kisha anarudi getini. Katika jamii zetu, mavazi ya mtu mzima ni sehemu ya heshima yake, na kumvika mzee nguo za mtoto ni kumdhalilisha. Ila hapa hakuna aliyemvika. Amevaa mwenyewe, kwa hiari, mchana kweupe, akijua kuwa watu watacheka. Aibu hupata nguvu kutoka kwenye macho ya watu, na anayejificha huzidi kuyaogopa. Maruge amekitwaa kile ambacho wangemchekea na kukifanya tiketi yake ya kuingia darasani. Baada ya hapo kicheko chao hakina tena cha kumnyang'anya.

Ujasiri huo haukutoka hewani. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1977, alieleza kuwa imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa na mambo manne: kazi alizokwisha kuzifanikisha, kuwaona wenzake wakifaulu, maneno ya mtu anayemwamini, na namna anavyozitafsiri dalili za mwili wake anapokuwa na hofu. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Yaani mtu hutenda kidogo, akafaulu, ndipo akajiamini. Katika filamu tunayaona yote manne. Maruge anaanza na herufi moja moja pamoja na watoto wanaohangaika kama yeye, na Mwalimu Jane anamtetea mbele ya wakubwa wa elimu. Wakubwa hao wanapomtaka aende ngumbaru, anakuta darasa la watu wazima wasio na ari, na anarudi. Jane anamfanya msaidizi wake, na hapo pana hekima kubwa ya ualimu, kwa kuwa amempa mzee kiti ambacho anaweza kukikalia bila kuinamisha kichwa.

Jambo la nne, lile la mwili na hofu, filamu imelionyesha kwa penseli. Penseli iliyochongwa kwa mtoto ni kifaa cha kawaida tu. Kwa Maruge, ncha yake inamrudisha kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, kwenye mateso yaliyomharibu sikio. Mtu aliyeumizwa vibaya hukwepa chochote kinachomkumbusha maumivu yake, na kila akikwepa, hofu hujiona imeshinda. Maruge ana kila sababu ya kutoigusa penseli tena maishani, lakini bila penseli hakuna kuandika. Anatikisika, anavurugika, kisha anarudi kwenye daftari. Hofu anaendelea kuwa nayo, na kazi inafanyika hofu ikiwa ingalipo.

Wapo watakaosema kuwa samaki mkunje angali mbichi, na kwamba akili ya mzee imekwisha kukauka. Utafiti wa saikolojia haukubaliani na hukumu hiyo. Raymond Cattell alitofautisha aina mbili za akili: ile ya kutatua upesi jambo jipya, ambayo hupungua kadiri umri unavyosogea, na ile ya maarifa, msamiati na uzoefu uliolimbikizwa, ambayo hudumu mpaka uzeeni. Kwa hiyo mzee huchelewa kushika herufi kuliko mtoto wa miaka sita, lakini akiisha kuzishika ana mengi ya kuyaunganisha na anachosoma. Filamu inasema Maruge alikuwa na barua kutoka Ofisi ya Rais aliyotaka kuisoma kwa macho yake mwenyewe. Mwanafunzi mwenye sababu nzito kama hiyo huvumilia makosa mengi.

Wengine watasema filamu imetia chumvi, hasa katika masimulizi ya familia yake na misukosuko ya shuleni. Ni haki kulisema hilo, kwa kuwa filamu si kumbukumbu za mahakama. Hata hivyo, mateso ya kizuizini hayakubuniwa: Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Na mambo ninayoyategemea hapa yanajulikana hata nje ya filamu. Maruge alivaa kaptula na kukaa na watoto. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu ya msingi bila malipo katika mkutano wa Umoja wa Mataifa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipompeleka kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, aliendelea kwenda shule, na alikuwa bado mwanafunzi alipofariki Agosti 2009.

Hoja nzito zaidi ni ya wazazi wanaolalamika ndani ya filamu kwamba madawati hayatoshi, na kila nafasi ya mzee ni nafasi ya mtoto. Malalamiko yao yana msingi, kwani elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja wa ziada walifurika shuleni. Lakini kosa hapo ni la uhaba, na uhaba hautibiwi kwa kumtoa mwanafunzi mmoja. Tena mwaka huo huo wa 2003 unatuonya tusimgeuze Maruge kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, tukisema aliyetaka kweli angesoma. Miaka themanini hakukosa moyo. Alikosa mlango uliofunguliwa. Moyo wa mtu na mlango wa shule vinahitajiana, na serikali inayowasifu mashujaa huku ikiyaacha madarasa ya watu wazima yafe haijaielewa filamu hii.

Funzo hili lina kazi leo. Wapo wazee wanaompa wakala namba ya siri ya simu yao kwa sababu hawawezi kusoma ujumbe wa pesa zao wenyewe, na huvumilia hatari hiyo kuliko kukiri hawajui. Kuwaambia kwamba elimu haina mwisho hakutoshi. Wanahitaji darasa lenye heshima, kazi ndogo wanayoweza kuifaulu siku ya kwanza, na mwalimu asiyewasema kwa watu. Nasi wengine, wakati mwingine tukimwona mtu mzima akisoma kwa kidole, neno baada ya neno, tuifunge midomo yetu. Kicheko chetu kimewafukuza darasani wengi ambao hawakuwa na ngozi ngumu kama ya Maruge, na hicho tunaweza kukiacha leo bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote.